Kabla Mgeni Hajatafuna

Mama yangu alinielewesha Kiingereza kuliko walimu wangu wote, na mimi nikamlipa kwa kalamu nyekundu. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani naandika kumsifu mzazi. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mimi mwenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na vitu viwili: matokeo ambayo sitayataja, na kaunta buku la Kiingereza. Mwaka haujaisha nikapata cha tatu, binti. Baba yake alikwenda Bukoba kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta. Nikarudi Ihembe kwa mama, mtoto mgongoni, kaunta buku kwenye mfuko wa rambo.

Kaunta buku hilo lilikuwa fahari yangu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa anafundisha maneno mawili mawili. Alichora mstari katikati ya ubao, kulia "hear", kushoto "listen". Kesho yake "see" na "look". Halafu "house" na "home", "lend" na "borrow", "visitor" na "guest". Alikuwa akisema, "Kwa Kiswahili mnaweza kuyachanganya haya na mkaishi. Kwenye mtihani hamtaishi." Basi tukakariri. Ungeniamsha usingizini ningekutajia tofauti zote bila kukosea, na bila kujua nasema nini.

Baba alishafariki nikiwa darasa la tano. Alituacha na nyumba, na migomba iliyoizunguka nyumba, na kule juu kipande kitupu chenye majani marefu ambacho hakuwahi kukigusa. Mama ndiye aliyekifyeka. Alichimba mashimo mwenyewe, akaleta miche ya kahawa kichwani kutoka kwenye kitalu, safari baada ya safari, miguu ikiteleza kwenye utelezi wa masika. Mimi nilibeba maji. Nakumbuka alivyokuwa akifukia kila mche, anaukandamiza kwa viganja viwili kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Baba hakuuona hata mti mmoja wa pale.

Lakini kwetu kahawa ni ya mwanamume. Mwanamke ataipalilia, ataichuma, ataianika, ataikimbiza mvua ikija, na ukimuuliza ni ya nani atakwambia ya mzee. Mzee akifa, inakuwa ya marehemu. Kijiji kizima kiliita ile "kahawa ya marehemu". Hata mimi niliyebeba maji niliita hivyo. Hakuna aliyetufundisha, tulikua tukisikia.

Siku moja mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima alikuja nyumbani. Mama alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka, mimi namnyonyesha binti yangu mlangoni.

"Mama, wanunuzi wanakuja," akasema. "Wanatoka nje huko. Wanataka kuona shamba, na sisi tumechagua la kwako. Shamba la marehemu linapendeza jamani."

"Marehemu hakuuona hata mti mmoja wa pale," mama akajibu bila kunyanyua kichwa.

Mwenyekiti akacheka. "Haya mama, ni maneno tu hayo. Si watu ni walewale?"

Alipoondoka, mama aliendelea kugeuza kahawa kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Wewe, hivi kusema 'nimepanda mimi' kwa Kizungu ni kusemaje?"

"Kwa nini?"

"Nataka kuwaambia mwenyewe."

"Mama, kutakuwa na mkalimani. Bwana shamba atakuja."

"Bwana shamba atasema atakayoyasema yeye. Mimi nataka kusema langu. Nifundishe maneno machache tu, siombi yote."

Mama aliishia darasa la nne. Nilicheka, nikadhani utani. Jioni akaja na daftari la hesabu alilolikuta chini ya kitanda changu, bado lina kurasa tupu nyuma, na penseli aliyoichonga kwa kisu cha ndizi. Akakaa chini, akanyoosha miguu. "Haya mwalimu."

Tulianza hivyo. Mchana tulipokuwa tunamenya ndizi, au tukichambua kahawa. Mimi sikujua njia nyingine ya kufundisha isipokuwa ile niliyofundishwa, nikachora mstari katikati.

"'Hear' ni kusikia bila kukusudia," nikasoma. "'Listen' ni kusikia kwa kukusudia."

Akafikiri, mdomo unachezacheza. "'Hear' ni mvua kwenye bati," akasema. "'Listen' ni mtoto wako mgonjwa anavyopumua."

"Hapana mama. Sema kama ilivyoandikwa."

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea, ila sivyo."

"Heee! Sijakosea ila sivyo. Ndiyo maana mkafeli."

Alinipiga palepale panapouma, nikanuna. Yeye akacheka mpaka mtoto akashtuka. Tukaendelea. Akasema "see" ni ng'ombe wa jirani akipita barabarani, na "look" ni ng'ombe huyohuyo akiwa ameingia kwenye migomba yako. "Lend" ni wewe na kisu chako, "borrow" ni jirani ambaye mpaka leo hajakirudisha. Kwenye "house" na "home" aliweka penseli chini. Sisi tunazika kwenye kibanja, kwenye migomba ileile tunayokula. Akaelekeza kidole dirishani, kwenye kaburi la baba. "'House' ikiungua unajenga nyingine," akasema. "Ile pale ndiyo 'home'."

Na mimi, mjinga niliyevaa sare miaka minne, nilikuwa nakagua daftari lake kwa kalamu nyekundu. Nilimwekea X. Siyo moja, ukurasa mzima. Kwa sababu hakuandika kama mwalimu wangu alivyoandika. Alikuwa akizitazama zile X na kusema, "Mwalimu wewe ni mkali," halafu anarudia upya kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la nne.

Tulipofika kwenye "visitor" na "guest", nilimsomea kwamba wa kwanza ni mtu anayekuja mahali, wa pili ni mtu aliyealikwa na kukirimiwa.

"Hiyo naijua," akasema haraka. "'Visitor' ni kabla hajatafuna. 'Guest' ni akishatafuna."

Alikuwa anaizungumzia kahawa yetu ya kutafuna. Inachumwa kabla haijaiva sana, inachemshwa pamoja na majani yenye harufu, inaanikwa ikiwa na maganda yake. Kwetu mgeni akifika anakaa, unamletea kahawa hiyo kwenye kikapu kidogo cha ukindu, unampa kwa mikono miwili, anachukua, anatafuna. Hapo ndipo mnaanza kuzungumza. Kabla ya hapo hamna la kuambiana zaidi ya salamu. Hata mtu aliyekuja kwa ugomvi anatafuna kwanza.

"Nataka hawa wawe 'guest'," mama akasema. "Wakishatafuna ndiyo nitawaambia."

Tukatengeneza maneno yake. Yalikuwa matatu. "You are welcome." "Eat, you are my guest." Na la mwisho, lile alilolitaka: "I planted this coffee." Alilifanyia mazoezi wiki mbili. Nilimsikia akiliambia jembe, akiiambia sufuria, akimwambia mjukuu wake akiwa anamwogesha. "Planted" ilimsumbua, ulimi ulikuwa unateleza. Kufikia siku ya mwisho ilikuwa imenyooka kabisa.

Siku ya wageni aliamka mapema kuliko siku zote. Alifagia uwanja, akavaa gauni la kanisani na kitenge juu yake, akakiweka kikapu kwenye kigoda mlangoni, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Watu wa kikundi wakajaa. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, naye akaja na koti lake, ingawa hakualikwa.

Bwana shamba hakufika. Pikipiki ilipata pancha. Mwenyekiti akaanza kutoka jasho. Akaangaza macho uwanjani mpaka yakanifikia mimi na mtoto wangu mgongoni.

"Wewe si umesoma? Utatusaidia."

Ningependa kusema nilikataa. Nilifurahi! Tangu nirudi na mtoto bila mume watu walikuwa wananitazama kama kitu kilichoharibika, na sasa mwenyekiti ananiita mbele ya watu.

Gari likasimama. Wakashuka wawili, mwanamke mwenye kamera na mwanamume mwenye daftari. Na pale pale aibu ikanishika. Nikaona inzi. Nikaona visigino vya mama vilivyopasuka. Nikaona kile kikapu, nikakumbuka shuleni, wasichana wa mikoa mingine walivyotucheka: "Nyie mnatafuna kahawa na maganda yake kama mbuzi." Mama alikuwa ameshakichukua kikapu, anakuja nacho kwa mikono miwili, uso wake unang'aa kama wa mtu anayekwenda kupokea cheti.

Nikapita mbele yake.

Ndiyo. Nilipita mbele ya mama yangu, nikampa mgongo, nikaanza kuongea. Nikatoa Kiingereza chote nilichokuwa nacho. "Welcome to our farm. This is coffee. This is banana. The weather is good." Wageni wakatabasamu, nami nikazidi. Nikawaongoza juu, kwenye kahawa, mama anatufuata nyuma na kikapu chake. Watu wa kikundi wakawa wanaguna, nikadhani wananishangilia. Sasa najua waliguna kwa nini: nilikuwa naongea na wageni ambao hawajatafuna.

Kule juu yule mwanamke aliigusa miti, akapiga picha. Kisha akamgeukia mama, siyo mimi. Akamuuliza polepole, kwa upole, kama yeye ndiye aliyepanda miti hii.

Mama akaelewa. Nilimwona. Lilikuwa neno lake, lile lililomsumbua. Akavuta pumzi, midomo ikafunguka.

Nikasema, "She does not speak English. My father planted them."

Sijui kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii. Mwenyekiti alikuwa ananitazama, baba mdogo alikuwa ananitazama, na kwetu ukiulizwa kahawa ni ya nani jibu ni moja. Lilitoka lenyewe, kama zile tofauti nilizozikariri. Yule mwanamume akaandika kwenye daftari lake. Mama akafunga mdomo. Alikuwa ameelewa kila neno, maana kila neno la sentensi ile nilimfundisha mimi.

Wageni walipiga picha nyingine, wakaondoka. Kikapu hakikufunuliwa. Mama alirudi jikoni, akaimimina kahawa yote kwenye chungu ilikotoka.

"Umeongea na wageni kabla hawajatafuna," akaniambia.

Ningeshukuru angenitukana. Siku ya pili nikachukua kaunta buku, nikakaa karibu yake, nikamwambia tuendelee. Akasema, "Inatosha, mwanangu. Wewe unakijua." Daftari lake sikuliona tena.

Baada ya miezi kadhaa mwenyekiti alileta karatasi zilizotumwa na wale wanunuzi. Zina rangi, zinang'aa, na katikati ni mama, amesimama kwenye miti yake, kikapu mkononi. Kila mtu akambandikia sifa: mama umetoka vizuri, mama umefika Ulaya. Mama akanipa karatasi. "Soma."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba huyu ni mkulima akitunza kahawa iliyopandwa na marehemu mume wake.

"Wameandika ulivyowaambia," akasema, akaniachia karatasi mkononi.

Ningeweza kumfuata mwenyekiti siku ile. Ningeweza kwenda kwa miguu mpaka ofisi ya kikundi nikasema, andikeni tena, nilidanganya. Nilijiambia karatasi ni karatasi tu. Ni picha. Itaisha. Nikaondoka zangu Mabira, huko Kyerwa, nikapanga chumba, nikanunua cherehani, nikashona nguo za watu.

Binti yangu alikuwa na miaka minne nilipoitwa kwenye kikao cha ukoo. Baba mdogo alikuwa na wana watatu wanaooa na hana pa kuwaweka. Alisema kipande cha juu ni mali ya kaka yake, na mali ya kaka yake ni ya ukoo, na wajane hawarithi kahawa ya ukoo. Wazee wakamuuliza kama ana hakika kahawa ile ni ya marehemu, maana wengine walikumbuka mama akibeba miche. Baba mdogo akaingiza mkono kwenye lile koti. Akatoa karatasi inayong'aa, imekunjwa mara nne.

"Hata Wazungu wameandika," akasema.

Karatasi ikazunguka kwa wazee. Wengi hawakujua kusoma lugha ile, lakini walimjua mama kwenye picha na kwao kilichoandikwa ni kweli. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake. Nikasimama.

"Siyo kweli. Mama ndiye aliyepanda. Mimi nilibeba maji."

Baba mdogo hakukasirika. Alinigeukia kwa upole kabisa, upole ule unaokera. "Mwanangu, nani aliwaambia ni ya baba yako? Mimi sijui Kiingereza. Nilikuwepo, mwenyekiti alikuwepo. Si wewe uliyesema?"

"Nilikosea."

"Ulikosea siku ile au unakosea leo?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akawanyamazisha, akamwambia mama, "Wewe mwenyewe unasemaje? Kikao kinakusikiliza."

Nikamtazama. Nilimwomba kwa macho. Mama, sema. Liseme hata kwa Kinyambo chetu, hata kwa Kiswahili, liseme lile neno. Alikuwa amejifunika kitenge mabegani, anatazama mikono yake.

"Binti yangu alishasema," akasema.

Wakagawa. Kipande cha juu kikaenda kwa baba mdogo. Mama akaachiwa nyumba na migomba na kaburi. Kukapandwa ua wa miti midogo kati yake na kahawa yake.

Kuna watu wananiambia ukoo ungechukua tu, kwa karatasi au bila karatasi. Najua. Nawakasirikia wale wazee, namkasirikia mwenyekiti na maneno yake ya "ni maneno tu", naikasirikia shule iliyonifundisha kuona aibu kabla haijanifundisha kuongea. Lakini siku ile karatasi ilipokuja hakuna mzee aliyenishika ulimi, na mchana ule kule juu hakuna mwalimu aliyekuwepo. Nilikuwepo mimi.

Binti yangu sasa anasoma Kiingereza shuleni. Likizo iliyopita nilimpakia bodaboda pamoja na daftari lake, tukaenda Ihembe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Miaka yote hii nilikuwa sijamwomba mama msamaha. Nilimletea sukari, nilimshonea magauni, nilimtumia dawa. Msamaha, hapana.

Kwetu mtoto wa nyumbani hapewi kahawa ya kutafuna mlangoni. Anaingia jikoni anajichotea. Ile ya kikapu ni ya mgeni. Nimerudi pale mara nyingi na kila mara nimejichotea.

Siku hiyo tulimkuta uwanjani. Binti yangu akapiga magoti, "Shikamoo bibi." Mimi nikamwamkia. Mama akatuonyesha kigoda, akaingia ndani, akatoka na kile kikapu cha ukindu, mikono miwili.

Nikaanza palepale. "Mama, siku ile ya wale wageni, mimi…"

"Tafuna kwanza," akasema.

Nilikuwa nimerudia kosa lilelile, pale pale. Nikachukua punje mbili, nikatafuna. Uchungu ule, na harufu ya yale majani. Hana kahawa tena, kwa hiyo najua punje zile aliziomba ng'ambo ya ua, kwenye miti aliyoifukia kwa viganja vyake. Alisubiri mpaka nikameza.

"Haya. Sema."

Nikasema. Kwamba nilidanganya, kwamba nilijua ni uongo ukiwa bado mdomoni, kwamba niliona aibu ya kikapu chake. Kwamba alikuwa amenyoosha lile neno kabisa na mimi nikalifunika. Binti yangu alikuwa ananitazama macho yamemtoka, hajawahi kuniona nalia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika kikapu kwa jani lake, akaegemea ukuta, akatazama kule juu, ambako watoto wa baba mdogo walikuwa wanachuma.

"Ungesema siku ile," akasema.